Paneli ya kwilti au doti ya khanga? Uzoefu wangu na cherehani ya kukanyaga, Moshi

Wifi yangu anayeishi Uingereza aliniletea paneli ya kwilti alipokuja likizo. Kwilti ni tandiko la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, na paneli ndiyo tabaka lake la juu. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni kipande cha pamba chenye sentimita kama 110 kwa 60, kimeshachapishwa picha kubwa. Yangu ina twiga, tembo na majani. Wanyama wetu wameenda Ulaya na kurudi. Huhangaiki kuunganisha viraka. Unaitandika juu ya kitambaa cha kujazia, chini unaweka bitana, unabana kwa pini, kisha unashona juu ya mistari ya picha ukisogeza kitambaa kwa mikono huku meno ya cherehani, yale ya chini ya sindano yanayovuta kitambaa, yamelala. Kinakwenda mbele, nyuma, pembeni, popote unapokipeleka.

Mafundi wetu wa darizi wanaijua kazi hii. Wanaotia nakshi kwenye shingo za kanzu na magauni hulaza meno vilevile, ila wao hubana kitambaa kwenye fremu ya duara. Kwenye kwilti fremu si lazima, kwa sababu matabaka matatu yanajishikilia yenyewe. Unachohitaji ni mguu wa darizi, ule wenye springi unaorukaruka, na maduka ya vipuri vya cherehani wanao. Kama meno ya mashine yako hayashuki, yafunike kwa kipande cha plastiki ngumu kilichotobolewa tundu la sindano, ukibandike kwa gundi ya karatasi.

Paneli ina sifa zake. Pamba imefumwa vizuri, sindano namba 14 inapita bila kuvuta nyuzi, na nilipoifua haikuchuja rangi. Kuchora kwa chaki hakuna, maana mgongo wa tembo unauambia mkono uelekee wapi. Ukiyumba kidogo kwenye madoa ya twiga, hakuna atakayejua.

Shida ni jinsi picha zilivyotawanyika. Tembo huku, twiga kule, jani moja limejitenga kwenye kona. Ukimaliza picha unakata uzi na kuhamia nyingine. Mwenye cherehani ya umeme halioni hilo, anabonyeza pedali na kazi inaendelea. Yangu ni nyeusi, ya kukanyaga. Ili ianze, mkono wa kulia lazima usukume gurudumu kwanza, la sivyo linaweza kuzunguka kinyumenyume na uzi ukajifunga chini. Na mkono huohuo ndio unaotakiwa kushika kitambaa! Kila unapoanza upya, kwa muda unaongoza kwa mkono mmoja, na hapo ndipo mishono inaporundikana au kurefuka ghafla. Urefu wa mshono haupangwi na mashine meno yakiwa chini. Unatokana na mguu wako unaokanyaga na mikono kwenda kwa mwendo mmoja, na ukikatizwa kila mara mwendo huo haukai.

Jirani yangu fundi wa darizi aliitazama paneli akacheka. Akaniambia, "Dada, hii ni ya kutundika ukutani. Wewe shonea khanga."

Nikanunua doti mjini kwa shilingi 12,000, yenye pindo la mikorosho, yaani nakshi za umbo la korosho, inayofuatana, na mji, sehemu ya katikati, wenye maua makubwa. Hapo mambo yakabadilika. Pindo la khanga linazunguka kitambaa chote, kwa hiyo unaweza kushona mkorosho, ukatelezea kwenye mwingine, na mwingine, bila kukata uzi. Umbo ni lilelile, mkono unalizoea. Kufikia upande wa pili tayari unaangalia mbele ya sindano, unakokwenda, badala ya kuikodolea sindano yenyewe. Mji wa khanga ni wa mizunguko mikubwa, pale bega zima linapofanya kazi. Jina nalo ni darasa peke yake. Yangu imeandikwa WEMA HAUOZI. W, M na Z zinakulazimisha kusimama kwenye kona sindano ikiwa ndani ya kitambaa, wakati O na U hazitaki usimame kabisa.

Halafu doti ni khanga mbili zinazofanana. Moja ya kuharibu, moja ya kushona kwa heshima. Paneli niliyoletewa ilikuwa moja tu, na unapojua huna nyingine mkono unakakamaa.

Khanga nayo ina vituko vyake. Kuna za bei rahisi zenye mchanganyiko wa poliesta, zinateleza na mshono unavuta mikunjo. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama kidonge. Nyingine zimechapishwa upande, pindo halinyooki, ukilifuata unaishia na kwilti iliyopinda. Zote zifue kwanza, zina dawa ya kukakamaza na nyingi zinachuja. Tena khanga nzima ni kubwa, kama mita moja na nusu kwa upana. Kuikunja na kuipitisha kwenye nafasi ndogo kati ya sindano na shingo ya cherehani ni adhabu. Mimi nakata mji peke yake na mapindo peke yake, nayaunganisha baadaye.

Katikati naweka shuka la flana la mtumba kutoka soko la Kiborloni. Ni jepesi, halitelezi, na linatosha kabisa kwa baridi ya Julai huku kwetu. Blanketi la manyoya lilikuwa nene mno, mguu wa darizi ukawa unakwama. Chini naweka amerikani, na kwenye bobini natia uzi wa rangi tofauti na wa juu. Vidoti vya uzi wa bobini vikianza kutokeza juu, uzi wa juu umekaza. Chini kwenye kona za mviringo ukiona nyuzi zimelala kama kope, mikono imeukimbia mguu. Punguza mkono au ongeza kukanyaga.

Kwa hiyo paneli naipa nyota tatu. Kwa mwenye mashine ya umeme anayetaka zawadi ya haraka ya kitanda cha mtoto, itamfaa, ila aanze na nafasi tupu kati ya wanyama kabla hajagusa macho na masikio yao. Khanga nzuri ya pamba naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya mapindo yaliyopinda, ambayo muuzaji hatakufunulia usipomwomba. Mwambie aifungue yote, ikunje katikati, uone kama mapindo yanalingana, ndipo mzungumze bei.