Unahama Windows 10? Anza na printa, kisha nunua kompyuta kwa mpangilio huu

Tangu Windows 10 ifike mwisho wa huduma, tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko ninayoandikiwa yanafanana mno. Mtu kanunua kompyuta mpya, au kaweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye ile ya zamani. Intaneti inapita, picha zinafunguka, kafurahi. Inafika siku ya kuchapa barua ya maombi ya kazi, printa haitoi kitu. Au karatasi inatoka lakini skana haionekani kabisa. Wengi hurudi walikotoka kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kasi, ukubwa wa diski na uzuri wa skrini sitavigusa. Hayo muuzaji atakueleza hata usipouliza. Mimi nataka uangalie draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa kama printa. Printa nyingi za bei ya chini hazijui kupanga ukurasa zenyewe. Kompyuta hufanya kazi yote, kisha huutuma ukurasa kwa lugha inayojulikana na kampuni iliyotengeneza printa peke yake. Kama kampuni hiyo haikuandika draiva ya mfumo unaohamia, hata uchomeke waya mara ngapi, hutachapa.

Tafuta neno AirPrint, teknolojia ya kuchapa bila draiva, kwenye boksi au kwenye maelezo ya printa yako. Apple iliileta teknolojia hiyo mwaka 2010, lakini msingi wake ni IPP, lugha iliyo wazi kwa wote, na ndiyo maana printa ya namna hiyo kwa kawaida huchapa pia kutoka Linux na Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google, bila draiva yoyote. Ukiwa nayo, nusu ya vikwazo vya kuhama vimekwisha.

Sasa kompyuta. Ya kwanza kwangu ni ThinkPad T480 ya Lenovo, iliyotumika. Naipenda ThinkPad na sifichi. T480 ilitoka 2018 ikiwa na prosesa za Intel, nyingi zikiwa za kizazi cha nane, na hicho ndicho kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukikubali rasmi, ukiacha prosesa chache za kizazi cha saba. Maana yake hulazimiki kuchagua upande mmoja: weka Linux Mint, toleo la Linux linalomfaa anayeanza, uibakize Windows kwenye diski hiyohiyo kwa ajili ya ile programu moja ya hesabu isiyo na toleo la Linux. Wi-Fi yake ya Intel hutambuliwa na Linux papo hapo. Kompyuta zenye chipu za Broadcom mara nyingi hudai draiva ipakuliwe kwanza, na hapo ndipo anayeanza hukwama, maana intaneti ya kupakulia ndiyo hiyo anayoitafuta. RAM ya T480 ina nafasi mbili za kuongezea, na betri ya nyuma huchomoka bila bisibisi. Barua zako za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupiga hesabu. Mistari ikihama, hakikisha fonti ya Carlito imo, kwa kuwa vipimo vyake ni sawa na vya Calibri.

Ya pili ni Mac mini, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple, yenye chipu ya M4. Anayeishi ndani ya Word na Excel atazipata zilezile za Microsoft. RAM yake haiongezeki baadaye, basi chagua ya kukutosha siku ya kununua.

Ya tatu ni laptopu mpya ya Windows 11, ila soma jina la prosesa. Zile za Snapdragon huendesha programu nyingi zilizoandikwa kwa Intel, lakini draiva haziendi hivyo: lazima ziwe zimeandikwa kwa ARM, aina ya prosesa ambayo Snapdragon imo. Mtu anabaki kwenye Windows na bado anaipoteza printa yake ya zamani.

Chromebook inamfaa ambaye kazi zake zote zimo kwenye kivinjari. Angalia tarehe ya mwisho ya masasisho.

Kinachonikera ni wauzaji. Wanachukua kompyuta ya kizazi cha sita, wanaruka ukaguzi wa Windows 11, wanaiweka kwa nguvu, kisha wanapandisha bei kwa sababu ya jina hilo. Mnunuzi haambiwi kwamba Microsoft haiihakikishii mashine hiyo masasisho. Wengine huandika “Core i7” kwa herufi kubwa na kuificha namba inayofuata, ambayo ndiyo ya maana. i5-8250U ni kizazi cha nane. i7-6600U ni cha sita, na hiyo i7 isikutishe.

Omba namba kamili kabla ya kutoa pesa. Nenda na flashi yenye Linux Mint, uiwashe kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote, ujaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Ukiifikisha nyumbani, rudia hivyohivyo na printa yako kabla hujagusa diski. Muuzaji akikataa flashi yako, mwachie kompyuta yake.