Nachingwea kwa bodaboda: reli haipo, karanga zipo

Nachingwea, mkoani Lindi, si mji wa kukupokea kwa vibao. Historia yake imetapakaa mashambani, na usipokuwa na mwenyeji utaipita huku unatafuta chipsi. Ndiyo maana nashauri ukodi bodaboda ya siku nzima, na dereva awe mtu mzima, mzaliwa wa hapo. Mimi na wangu tulipatana elfu thelathini, mafuta juu yangu. Nampa nyota tano.

Alinipeleka kwanza kwenye njia ya reli. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Januari 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yameshazama. Reli ikabaki haina mzigo wa maana. 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kilichobaki ni tuta, na bila dereva nisingelijua. Angalia vizuri: njia ya miguu ya kawaida huzunguka kisiki, hukwepa shamba la mtu. Hii imenyooka tu katikati ya mikorosho, haina habari na mtu. Nikamuuliza kama kwao kuna aliyefanya kazi kwenye mradi. "Babu alifyeka sana pori la hao wazungu, kaka. Posho alipata, karanga hakuziona."

Tukaelekea upande wa Farm 17. Jina ni la enzi zile za mashamba ya namba, lakini sifa yake imetokana na jambo jingine kabisa: Nachingwea ndiko FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikokuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo, kiongozi wao Samora Machel akiwemo, hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mahali pazito hivi, na sikuona hata bango moja la kumweleza mgeni. Hapo halmashauri ingepata pesa ya bure. Ukikaribia maeneo ya jeshi, simu iache mfukoni, usije ukaharibu safari.

Sokoni nilikaa kuliko nilivyopanga. Choroko, mbaazi, ufuta, na karanga zenyewe, zinazolimwa kwa jembe la mkono pale matrekta yaliposhindwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wametoa hata mbegu ya karanga inayoitwa Nachingwea 2009, nikacheka peke yangu, mama muuzaji akaniuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Kwake nilinunua fungu la ming'oko ya kuchemsha. Unamenya kwa vidole, ganda linatoka jembamba kama karatasi, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mtu wa Dar akila mara ya kwanza huuliza ni muhogo gani huu. Mwambie hiki huchimbwa porini.

Malazi ndiyo yaliyonipunguzia raha. Gesti niliyofikia, sitaitaja, ilikuwa safi na shuka zinanukia jua, ila bomba lilikauka jioni nikaoga kwa ndoo, na feni ilikuwa ya kutazama. Kwa bei ile sikugomba. Omba chumba cha nyuma, mbele kuna baa.

Barabara kutoka Masasi ilikuwa na vumbi la kutosha, kwa hiyo begi lako lifunge kwenye mfuko wa nailoni na usivae nguo nyeupe.

Uende lini? Msimu wa minada ya ufuta na korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mji unachangamka, pesa inazunguka, nyama choma kila kona, lakini vyumba hujaa na bodaboda hupandisha bei. Ukitaka kuona tuta na kupiga soga na wazee bila haraka, subiri minada ipoe. Masika usijaribu, vijia vya mashambani huwa tope tupu, na dereva wangu aliniambia kabisa kipindi hicho hapeleki mtu.