Mota tatu, mchanga mmoja: uzoefu wangu na brashlesi Kigamboni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua mota kwa kuangalia kV peke yake. Nina gari la rimoti la kipimo cha 1/10 ya gari halisi, lile umbo la pikapu za mbio za vumbi, linavuta magurudumu yote manne, na likiwa na betri linafika kilo mbili na nusu hivi. Uwanja wetu ni mchanga wa Kigamboni, Jumapili asubuhi kabla jua halijakaza. Lilikuja na mota ya kaboni, aina ileile ya kwenye drili. Kaboni zilipoisha nikaona bora nihamie brashlesi, yaani mota isiyo na kaboni, moja kwa moja.

Jirani yangu fundi umeme aliposoma "4300KV" ubavuni mwa mota mpya alicheka, akauliza kama nataka kuwasha mtaa mzima. Si kilovolti. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikizunguka bila mzigo. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili ina volti 7.4, kwa hiyo mota ile inafika karibu mizunguko 31,800. Nilipiga hesabu hiyo nikajiona nimepata dili.

Kwenye lami ya mtaani kweli lilikuwa balaa, watoto walikaa barazani kutazama. Mchangani ikawa hadithi nyingine. Dakika ya saba mpwa wangu akainama karibu na gari: "Mjomba, linanuka." Ilikuwa harufu ya vanishi ya nyaya. Kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kikasoma 104, na mimi sitaki mota yangu ivuke 85.

Mota yenyewe haikuwa na tatizo, mimi ndiye niliyeacha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, ya meno 15 niliyoiweka kwa ajili ya lami. Nikashuka hadi meno 12, joto likarudi 88. Hapo ningetulia. Badala yake nikaweka betri ya seli tatu, nione itakuwaje. Betri hiyo ikiwa imejaa inatoa volti 12.6, zidisha mara 4300 unapita 54,000, wakati karatasi ya mota inasema mwisho 50,000. Haikufa siku ile. Ila baada ya hapo nilipozungusha shafti kwa vidole, vile vituo vya sumaku unavyovihisi kwenye mota nzima vilikuwa vimelegea, kama kitasa kilichochakaa. Sumaku za neodimiamu zikipashwa joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na zikipoa nguvu hairudi. Mota ya namna hiyo hula umeme mwingi kwa kazi ileile, hivyo huchemka zaidi, hivyo huharibika zaidi.

Mota ya pili niliagiza China, ikaja na mzigo wa wakala wa Kariakoo, laki mbili kasoro pamoja na kidhibiti mwendo chake. Betri usitegemee kuzipata kirahisi hivyo, lipo zina masharti yake kwenye ndege. Hii ni 3660, maana yake kipenyo milimita 36 na urefu 60, na kV ni 3200. Ile ya kwanza ilikuwa 3650. Tofauti ni milimita kumi za urefu tu, lakini ndani yake kuna shaba zaidi, sumaku ndefu zaidi, na ngozi kubwa zaidi ya kutolea joto. Kwa seli tatu, volti 11.1 za kawaida, inafika mizunguko 35,500, yaani kasi yake inaipita ile ya mwanzo ikiwa na seli mbili. Na kwa kuwa volti zimepanda, kazi ileile inahitaji ampea chache: wati 300 kwa volti 7.4 ni ampea 40, kwa volti 11.1 ni 27. Nyaya, plagi na kidhibiti vyote vinapumua.

Lakini haikufungika siku ilipofika. Shafti yake ni milimita 5, pinioni zangu zote zilikuwa za 3.17. Wiki tatu nilisubiri kidude kidogo kuliko punje ya korosho. Pima shafti kabla ya kulipa, na pima jino pia. Saizi ya meno ya gia zangu ni 32P, na pinioni ya moduli 0.8 iliingiliana nazo bila kelele. Nafasi kati ya gia naipata kwa kubana kipande cha karatasi ya daftari katikati, kukaza skrubu za mota, kisha kukitoa.

Jumapili ya kwanza nayo, meno 12, mchanga uleule, dakika kumi na mbili mfululizo: 66. Nilipima mara mbili, nikidhani kipimajoto kimekufa.

Ya tatu niliazima kwa rafiki, ina sensa ya kusoma sumaku zilipo. Hizi mbili zangu hazina, kwa hiyo ukiondoka taratibu zinagugumia kidogo kwanza, kwa sababu kidhibiti hakijui sumaku zimekaa wapi mpaka zizunguke. Yenye sensa inaondoka kama maji. Kwa gari la kupanda mawe ningeichagua bila kufikiri. Kwa mchanga hapana: ile plagi ndogo ya nyaya sita inakusanya vumbi, na mchangani huendi taratibu hata hivyo. Jingine, kwenye mota isiyo na sensa, gari likirudi nyuma unapolitaka mbele, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu. Kwenye yenye sensa usithubutu, A iende A, B iende B, C iende C.

Ninayoitumia mpaka leo ni ile 3660. Miezi minane sasa. Mwezi uliopita beringi ya mbele ilianza kulia kama mbu, na hiyo ni chumvi ya bahari, nilikuwa mvivu wa kusuuza kwa maji baridi na kutia tone la oili nikifika nyumbani. Beringi mbili mpya ziko njiani.