Taa ya sola ya dagaa: nimeingia nayo ziwani mara nne

Wadau mambo vipi, leo nipo hapa mwalo wa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria, hizo kelele ni injini za mitumbwi, mnivumilie. Nimeshika hii taa ya sola ya kuvulia dagaa, nimenunua elfu 65, nimeingia nayo ziwani mara nne giza lililopita, yaani zile siku mwezi hauonekani.

Mwanga wake uko poa. Mweupe, upepo ukipiga hauyumbi, na hakuna ile ya saa nane usiku unaifuata karabai kwenye chelezo uipampu huku mawimbi yanakurusha. Karabai moja kwetu inakunywa kama lita moja na nusu ya mafuta ya taa kwa usiku, haya piga hesabu ya taa sita. Dagaa wanakuja? Wanakuja bwana, dagaa hajui brandi, yeye anafuata vidudu na vidudu vinafuata mwanga.

Sasa safari ya tatu maji yakaingia, taa kimya. Asubuhi nikampelekea fundi redio wetu hapa mwaloni, akaigeuza, akaigeuza tena, hakuna hata skrubu moja! Gundi tupu. Ikabidi aipasue kwa kisu, ndani betri nzima, ni kawaya kamoja tu kameachia. Kawaya! Hapo ndo nilichukia.

Maana mi ni mtu wa solapanki jamani, ile kuiwaza kesho yenye miti juu ya mapaa, paneli kila kona, na watu wanajitengenezea vitu vyao. Neno limeanza kusikika 2008, Brazili wakalitolea kitabu cha hadithi 2012. Naipenda kwa sababu kwenye muvi kesho ni moshi na maroboti yanatukimbiza, nishachoka. Ila sola ni nusu tu, hiyo panki ndo ule ubishi wa kufungua kitu chako mwenyewe, na taa ambayo fundi wa mwaloni hawezi kuifungua, hata kama inakula jua, naona ni takataka inayosubiri zamu yake ikakae na magugu maji.

Mi nataka siku ya giza nisimame hapa nione taa ziwani kama mji, mikono hainuki mafuta ya taa, na hapo nyuma banda la kuchajia la kikundi, fundi kakaa na bisibisi yake.

Sasa mnunue? Hii, hapana. Yangu fundi kaifunga kwa skrubu nne na raba ya tyubu ya baiskeli, safari ya nne imetoboa mpaka asubuhi. Leo inaingia tena, ikizama ntawaambia.