Oili ilivuja baada ya kuibadilisha mwenyewe: uzoefu wangu na helikoili (sredi mpya ya waya) ya mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Jumatatu alfajiri nilipoitoa pikipiki uani, pale ilipolala palikuwa na doa la oili ukubwa wa sahani, rangi ya asali. Oili mpya kabisa. Nilikuwa nimeimimina kwa mikono yangu jana yake mchana.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ya mtindo wa Honda CG 125, zile ambazo fundi yeyote wa mtaani huzifungua hata gizani. Naitumia kila siku kutoka Chanika hadi kazini Buguruni na kurudi, kilomita 50 hivi. Kwa mwendo huo naibadilishia oili mara kwa mara, ndiyo maana niliamua kujifunza kazi hii mwenyewe. Si kazi kubwa. Unawasha injini dakika tatu nne ipate uvuguvugu, unasimamisha dabo stendi, unaingiza beseni chini, unafungua boliti kwa spana 17 na oili chafu inashuka. Ile oili chafu kwangu haipotei, mzee jirani yangu huichukua kupaka nguzo za banda lake zisiliwe na mchwa.

Nilichokosea ni washa. Chini ya kichwa cha boliti ya kumwagia oili kuna washa, yaani pete bapa, laini ya shaba au aluminiamu, na hiyo ndiyo inayoziba oili. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani kinachozuia oili ni sredi, ile mistari ya kuzunguka ya boliti na tundu lake, kubana. Sredi kazi yake ni kuvuta boliti tu. Washa ndiyo inayominyika na kujaza vijinjia vyote kati ya boliti na ganda la injini. Ikishaminywa mara moja inakuwa ngumu, ina alama ya duara, na ukiirudisha haikai tena palepale. Jumapili ile duka la spea lilikuwa limefungwa, nikairudisha ya zamani. Washa mpya ni shilingi 500.

Hata hivyo sikujua mara moja kwamba ni washa, maana oili ilikuwa imetapakaa chini ya injini yote hadi kwenye stendi. Upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa sana si lazima ndipo inapotokea. Nilichofanya kilinisaidia na nakipendekeza kwa yeyote: niliosha chini ya injini kwa brashi na mafuta ya taa, nikaikausha kwa kitambaa, kisha nikanyunyiza poda ya watoto sehemu zote nilizozitilia shaka. Kwenye shafti ya gia, nyuma ya sproketi ya mbele, na kuzunguka boliti. Nikawasha injini dakika kumi nikiwa nimechuchumaa na tochi. Poda ilibaki nyeupe kote isipokuwa pembeni mwa boliti, palipochora mstari wa kahawia unaoshuka.

Katika kukagua huko niligundua kosa la pili. Injini hizi ukimwaga oili tu zinataka kama lita 0.9, mimi nilimimina chupa ya lita nzima. Stiki ya oili inapimwa ikiwa imeingizwa bila kukazwa sredi zake, na nilipoipima hivyo oili ilipita alama ya juu. Ikizidi, injini huitema kupitia mpira wa kupumulia kuelekea kwenye chujio la hewa, na mtu anaweza kudhani ana mvujo mwingine. Niliipunguza kwa sirinji ya duka la dawa na kipande cha mpira mwembamba.

Sasa hapa ndipo nilipojiumiza. Nilipoona inatoka kwenye boliti, nilikaza. Haikuacha. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana nipate nguvu, nikakaza tena, na nikaisikia boliti ikilegea mkononi badala ya kugoma. Aliyewahi kusikia hali hiyo anajua moyo unavyoshuka. Boliti ni ya chuma, ganda la injini ni aluminiamu. Vikishindana, aluminiamu ndiyo inayoshindwa.

Kwenye duka moja la spea nikashauriwa nizungushie boliti tepu ya mabomba na kuipaka silikoni. Nilifanya hivyo, na kwa siku mbili ilikauka kabisa. Siku ya tatu matone yakarudi, na nilipofungua nikakuta nyuzinyuzi za tepu na vipande vya silikoni vimeingia ndani ya tundu. Kwa maoni yangu ushauri huo haufai hata kidogo kwenye boliti ya oili. Vipande hivyo vikielea kwenye oili vinaishia kwenye chujio, na chujio likiziba injini inakosa oili juu. Isitoshe boliti iko mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ikichomoka ukiwa Barabara ya Nyerere nyuma ya lori, oili yote inakwenda kwenye tairi, na hapo hatuzungumzii tena injini.

Jumamosi nikaipakia kwenye bajaji ya mizigo hadi Gerezani, kwa mafundi wanaochonga vyuma. Fundi aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa kikiwa na unga wa kung'aa. "Kaka, humu hamna sredi tena." Akanipa njia mbili. Ya kwanza kutanua tundu na kuweka boliti kubwa zaidi, bei nafuu, lakini ganda linabaki jembamba na kesho ikiharibika tena hakuna pa kutanulia. Ya pili helikoili. Nilichagua helikoili.

Helikoili ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, na kazi yake ni kuwa sredi mpya ndani ya tundu lililolika. Uzuri wake unabaki na boliti saizi ileile; yangu ilikuwa ya unene wa milimita 12, na nafasi kati ya sredi milimita 1.5. Fundi alipima kwanza boliti kwa geji ya sredi, hakukisia. Akatoboa kwa drili ya seti ya helikoili, akapitisha tapu (kifaa cha kuchonga sredi) akiwa ameijaza grisi kwenye mifereji yake ili chenga za aluminiamu zinate hapo zisidondoke ndani. Kila nusu mzunguko aliirudisha nyuma kidogo, akaitoa, akaifuta, akapaka grisi upya. Sijawahi kuona mtu mwenye subira hivyo Gerezani ikiwa na kelele zake zote. Waya ulipokaa, chini kidogo ya uso wa ganda, alivunja ule ulimi wake mdogo wa kuushikia na kuutoa kwa koleo ndefu, kisha akaniwekea kiganjani nione. Kitendo hicho ndicho kilichonifanya nimwamini. Kipande kile kikisahaulika ndani ya injini ni hasara nyingine.

Mwisho akamimina oili kidogo safi kutoka juu huku tundu likiwa wazi, ikashuka na chenga mbili tatu, akarudia mpaka ikashuka safi. Boliti mpya, washa mpya ya shaba. Alikaza kwa mkono mpaka boliti ikagusa, kisha spana fupi, robo mzunguko hivi, akaacha. Hakuongeza.

Gharama: shilingi 35,000 kwa helikoili na ufundi, 3,000 boliti, 500 washa, na oili nyingine lita moja ya unene wa 20W-50 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki), maana klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini na oili za gari zenye vilainishi vingi huifanya iteleze. Nauli ya bajaji sijaihesabu. Lawama yangu kwa huduma ile ni moja: nilisubiri kwa muda wa saa tatu kabla fundi hajaigusa pikipiki, na risiti sikupewa mpaka nilipoiomba mara ya pili. Kazi yenyewe sina neno nayo.

Tangu siku hiyo nimeshamwaga oili mara mbili, mwenyewe, nyumbani. Boliti inaingia kwa vidole mpaka mwisho, laini, bila kukwaruza. Nimenunua washa za shaba kumi, ziko kwenye kopo pamoja na spana 17, ile fupi. Kila Jumapili natandika boksi jeupe chini ya injini usiku kucha, na asubuhi ya leo, kilomita 3,200 baadaye, boksi lilikuwa kavu.