Saiba za nje ya geti: kipi ulipie, kipi ujifanyie

Kuanzia Njokerio nje ya Chuo Kikuu cha Egerton hadi Lurambi karibu na kile cha Masinde Muliro, na kule Maseno kando ya barabara ya Busia, bango la saiba, yaani duka la intaneti na uchapaji, ni lile lile: CV, KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cheti cha tabia njema cha polisi, barua za atachimenti (mafunzo ya kazini), laminesheni. Tumeipima huduma hii kwa jicho la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta kazi, kitu kimoja kimoja, maana ubora wake haulingani hata ndani ya duka moja. Kwa mashine, saiba nyingi zinastahili B. Kwa kuandika, tungewapa D, tena kwa huruma.

Tuanze na skani, kazi wanayoiweza kweli. Cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), transkripti na kitambulisho vikiskaniwa kwa DPI 300 (kipimo cha wingi wa nukta za picha), maandishi na muhuri husomeka vizuri bila faili kuvimba. Matatizo huanza mhudumu akiiacha mashine kwenye 600 na rangi kamili. Kurasa sita tu zinazaa faili nzito kupindukia, kisha tovuti ya mwajiri inayopokea MB 2 inalikataa. Hapo utaambiwa mtandao uko chini, na mtandao wa watu hauna kosa. Mwombe ashushe hadi 200 au 300, kisha aunganishe kurasa zote ziwe PDF moja kwa mpangilio huu: barua, CV, cheti cha juu kabisa, transkripti, KCSE, kitambulisho. Faili lipewe jina lako, si "scan0047".

Kuna kosa jingine ambalo ni la mteja mwenyewe, nalo ni kupiga cheti picha kwa simu na kumrushia mhudumu kwa WhatsApp. WhatsApp huibana picha, na muhuri unabaki ukungu. Ikibidi utumie njia hiyo, tuma kama hati, si kama picha, na ukumbuke kwamba kitambulisho chako sasa kiko kwenye simu ya mtu.

CV ndiyo inayotuudhi. Kiolezo ni kimoja, kimehama kompyuta hadi kompyuta kwa flashi, na mhudumu anafuta jina la mteja wa jana na kuweka lako. Kagua vizuri kabla ya kulipa, maana mabaki hayakosi: jinsia si yako, mdhamini hujawahi kumwona, shule ya msingi ni ya mtu wa Vihiga na wewe umetoka Molo. Fungua sehemu ya maelezo ya faili uone jina la mwandishi. Likiwa la mteja mwingine, anayepokea maombi naye anaweza kuliona. Juu kabisa kuna lile lengo la "kufanya kazi katika mazingira yenye changamoto", sentensi ambayo ofisa wa ajira hahitaji kuisoma tena maishani. Chini yake dini, hali ya ndoa na rangi ya mpaka wa ukurasa, vitu visivyomwambia mwajiri kama unaiweza kazi.

Violezo vya kisasa vyenye safu mbili, masanduku na vijistari vya kupimia ujuzi vina hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Kampuni kubwa na mashirika hutumia programu za kuchuja maombi, na programu hizo husoma maandishi tu. Tarehe za upande wa kushoto zinaweza kuchanganywa na maneno ya upande wa kulia, na vile vijistari havisomeki kabisa. Tumia safu moja, fonti ya kawaida, kurasa mbili. Tena utume PDF, kwa sababu faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, mistari huruka ovyo.

Lakini hata kiolezo kikiwa safi, mhudumu hajui ulichofanya. Ataandika "alifanya atachimenti katika ofisi ya kaunti", basi. Wewe ndiye unayejua kwamba kwa wiki kumi na mbili uliingiza rekodi za chanjo ya mifugo za wadi nne kwenye Excel na kusahihisha majina yaliyojirudia. Mstari huo mmoja una uzito kuliko aya nzima ya "mchapakazi, mwaminifu, mcheshi". Kwa hiyo CV iandike mwenyewe, hata kwa Google Docs ya simu, uipeleke kwa ofisi ya ushauri wa kazi chuoni au kwa mhadhiri wa idara aipitie, halafu saiba wakuprintie kwa shilingi kumi kumi. Wadhamini watatu uwaulize kabla ya kuwaandika. Mhadhiri anayepigiwa simu akauliza "ni nani huyo?" amekuharibia bila kukusudia.

Barua za kuomba atachimenti wanazichapa sawasawa, ila hakikisha tarehe za kuanza na kumaliza zinalingana na zile za barua ya idara na ya bima ya chuo. Zikipishana, ofisi nyingi zinakurudisha.

Upande wa makaratasi ya serikali, usajili wa PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) haulipiwi. Unachomlipa mhudumu ni muda wake, na hilo ni haki yake. Shida ni pale anapoweka barua pepe ya duka ili amalize haraka. Miaka miwili baadaye umesahau nywila, na barua pepe ya kuirejesha inatumwa kwa mtu aliyekwisha kufunga duka na kuhamia Eldoret. Hapo ni safari ya ofisi ya KRA au Huduma Centre. Sheria ni hiyo hiyo kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: namba ya simu iwe yako, la sivyo msimbo wa kuingilia unamfikia mwingine.

Wengi hupata PIN mwaka wa kwanza kwa ajili ya HELB, kisha wanaisahau. Ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa KRA, hutakiwa kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni hata kama hukupata senti, na kuchelewa ni faini ya shilingi 2,000. Mambo haya hujitokeza siku unapoomba cheti cha uzingatiaji kodi ukiwa na barua ya kazi mkononi. Ritani ya sufuri ni kazi ya dakika chache kwenye iTax (tovuti ya KRA), jifunze mwenyewe mara moja. Usingoje wiki ya mwisho ya Juni, wakati saiba zimejaa hadi mlangoni na tovuti inajikokota.

Cheti cha tabia njema kinagharimu shilingi 1,050 kupitia eCitizen, na hapa saiba inakufaa kwa sababu ya printa. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, hutakiwa kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Mhudumu mzembe huiprinti kwa karatasi mbili, nawe unagundua ukiwa umefika kwenye foleni ya alama za vidole Kisumu au Nakuru. Printi pia risiti ya malipo, na ubebe kitambulisho chenyewe pamoja na nakala.

Kwa mkopo wa HELB, saiba hawana la kukufanyia zaidi ya kuprinti. Riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya hutozwa 5,000 kila mwezi. Usipopata kazi kufikia hapo, waandikie HELB wenyewe.

Kabla ya kuinuka, fungua folda ya vitu vilivyopakuliwa kwenye ile kompyuta. Huko utakuta vitambulisho na transkripti za nusu ya kampasi. Futa vyako, umwage na pipa la taka, utoke kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp ya kompyuta. Flashi usiichomeke kabisa kama una njia nyingine. Ikirudi nyumbani na folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), faili zako bado zimo, zimefichwa tu na virusi, kwa hiyo usikubali yule mhudumu "aiformati", yaani afute kila kitu, kwa mia moja.