Saanane, Mwanza: nusu siku inatosha kabisa (uzoefu wangu)

Wenyeji wengi wa Mwanza Saanane wanaiona kwa mbali tu, mpaka waje wageni wa mikoani ndo wanakumbuka kuna kisiwa. Mimi nilimpeleka shemeji yangu wa Dodoma, jamaa hajawahi kupanda boti, laifu jaketi kaikaza mpaka shingoni akawa anashika kiti kwa mikono miwili, na kutoka pale Capri Point safari yenyewe ni kama dakika kumi tu jamani.

Sasa usiende na akili ya Serengeti. Ni hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, lakini eneo lote ni kilomita za mraba 2 na ushee, na humo maji ya ziwa nayo yamehesabiwa. Zamani ilikuwa zoo, ilianzishwa 1964, na jina ni la mzee Saanane aliyekuwa na makazi yake hapo. Hakuna gari, ni miguu yako na muongoza wageni mbele.

Kwangu mimi utamu wa Saanane ni mawe na vinavyoishi kwenye mawe. Majabali makubwa kama nyumba yamebebana, njia inapita katikati, na kila ukiinua macho kuna mjusi. Lile dume kichwa mpaka mabegani nyekundu, huku nyuma bluu kabisa, linapiga pushapu juu ya jiwe, na jike lipo pembeni na rangi yake ya kahawia halina habari. Pimbi nao wamejianika juani. Tulivyoambiwa pimbi ni ndugu wa tembo shemeji alicheka sana, akaambiwa subiri apige mwayo uone yale meno ya juu, na kweli kapiga mwayo, meno mawili marefu yametokeza kama vipembe, jamaa akanyamaza. Swala tuliwaona karibu tu, hawana wasiwasi na watu.

Kero ilikuwa kundi moja lililokuja na spika likapiga amapiano mwanzo mwisho, pimbi wote wakaingia mapangoni, sijui kwa nini mtu avuke ziwa kuja kusikiliza kitu anachosikiliza kwake. Kama unapenda utulivu nenda katikati ya wiki, asubuhi, maana kuanzia saa sita mawe yanachemka balaa. Vaa raba inayoshika, ndala acha nyumbani. Malipo ni kwa kontroo namba, usitegemee kutoa keshi, na beba kitambulisho ulipe bei ya Mtanzania.

Watoto wapeleke, watafurahi. Ila bibi mwenye shida ya magoti akae chini kwenye vivuli aangalie ziwa na furukombe wanavyopita, kule juu awaachie wenye pumzi.